Bluberi kwenye bustani ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nimekusanya hapa maswali ambayo watu wananiuliza sana kuhusu bluberi. Majibu yanatoka huku Mufindi, kwenye baridi, chai na misitu ya paini, kwa hiyo kama uko Njombe, Rungwe, Lushoto, Limuru au Kericho mengi yatakuhusu moja kwa moja, kama uko kwingine soma kwanza swali la joto na swali la udongo kabla hujatoa hela yoyote. Na naomba kitu kimoja jamani, usirukie kule kwenye "miche napata wapi". Miche mingi mizuri inakufa kwa sababu ilifika nyumbani kabla udongo haujawa tayari. Bluberi inavumilia mengi, udongo usio wake haivumilii.

Bluberi ndo zambarau?

Hapana. Zambarau ni mti mkubwa, ndugu wa mkarafuu na mpera. Bluberi ni kichaka cha mita moja na nusu hadi mbili hivi, asili yake Amerika ya Kaskazini, na iko familia moja na zile Erica unazozikuta ukipanda Kilimanjaro baada ya msitu kuisha. Hata ndugu yake wa karibu kabisa tunaye ukanda huu, Vaccinium stanleyi, anaota mwituni kwenye milima ya Burundi, Rwanda, Uganda na mashariki mwa Congo.

Kinachonifurahisha ni kwamba hili ni zao jipya sana bustanini. Wenyeji wa Amerika wamekula bluberi tangu enzi na enzi lakini waliichuma porini, na kila aliyeihamishia shambani kwake ilimfia. Mpaka mwaka 1910 mtaalamu wa mimea wa serikali ya Marekani, Frederick Coville, akaandika majibu ya majaribio yake: inataka udongo wenye tindikali, na ule udongo mzuri wa mboga wenye samadi na chokaa ndo unaiua. Mama mmoja wa New Jersey, Elizabeth White, ambaye baba yake alikuwa mkulima wa kranberi, akasoma yale maandishi, akamwandikia, na kuanzia 1911 wakafanya kazi pamoja. Mama White akawa anawalipa wachumaji wa porini wamwonyeshe vichaka vyenye matunda makubwa kupita vyote. Mavuno ya kwanza ya kuuza yalitoka 1916. Kwa hiyo siri ya zao zima ilikuwa udongo, na mpaka leo haijabadilika.

Huku kwetu itazaa kweli? Si inataka theluji?

Inategemea aina. Zile za asili za kaskazini zinahitaji masaa 800 hadi 1,000 ya baridi chini ya nyuzi 7 kila mwaka ndo zichanue vizuri, hizo huku usiziguse, utapata kichaka cha majani tu. Lakini Chuo Kikuu cha Florida walianza zamani kuchanganya ile ya kaskazini na bluberi ya mwituni ya Florida inayozoea joto, wakapata kundi linaloitwa la kusini, ambalo linatosheka na baridi kidogo sana. Humo ndo zimo Misty, Emerald, Jewel na nyinginezo. Biloxi nayo ni ya kundi hilohilo, ilitolewa na watafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani kule Mississippi mwaka 1998, na ndo imepandwa sana nchi za joto.

Angalia Peru. Wanalima pwani, jangwani, karibu na ikweta, theluji hamna, na leo ndo wanaongoza duniani kuuza bluberi mbichi nje ya nchi. Hapa jirani Kenya, kampuni ya Kakuzi wanailima Murang'a. Kwa mazingira kama haya mmea hauangushi majani yote wala haulali, unaendelea kuwa wa kijani mwaka mzima.

Kwa bustani ya nyumbani ukanda wetu mimi napenda kuanzia mita 1,500 kwenda juu, sehemu ambazo usiku kuna ubaridi. Sehemu zenye umande unaoganda mwezi wa sita na wa saba, kama Makete na baadhi ya mabonde ya huku Mufindi, mmea wenyewe hauna shida ila maua yaliyofunguka yanaungua, kwa hiyo usipande bondeni, panda kwenye mteremko ambapo baridi inashuka na kupita.

Nipo Dar, Mbezi. (Pia: nipo Mombasa, nipo Unguja.) Nijaribu?

Ukiniuliza mimi, hapana, hela yako ifanyie kitu kingine. Joto la usiku ni kubwa, udongo mwingi wa pwani una mawe ya matumbawe ambayo ni chokaa tupu, na maji mengi ya visima yamepita kwenye chokaa hiyohiyo. Yaani vitu vitatu inavyovichukia vyote viko sehemu moja. Ukitaka tu kujaribu kwa mapenzi basi iwe kwenye ndoo, kivuli cha mchana, maji ya mvua, na mche mmoja, sio kumi.

Nitajuaje udongo wangu unafaa?

Hapa tukae kidogo maana hili swali ndo linabeba mengine yote.

Bluberi inataka pH (kipimo cha tindikali, namba ikiwa ndogo tindikali ni nyingi) kati ya 4.5 na 5.5. Mahindi, mboga na maua mengi yanapenda 6 hadi 7. Ukiangalia hizo namba unaona kama ziko karibu lakini sio, kila hatua moja ya pH ni mara kumi, kwa hiyo udongo wa pH 5 una tindikali mara 100 kuliko wa pH 7. Ndo maana "udongo wangu una rutuba sana, kila kitu kinaota" sio habari njema kwa bluberi, mara nyingi ni habari mbaya.

Kwa nini inajali hivyo? Mizizi yake ni myembamba sana, haina vile vinywele vya kunyonyea ambavyo mimea mingine inavyo, badala yake inaishi na kuvu fulani wa udongoni wanaoisaidia kuvuta chakula, na mfumo mzima umezoea udongo wenye tindikali. pH ikipanda, madini ya chuma yanajifunga udongoni. Yapo, tena mengi, ila mmea hauyapati, ni kama chakula kimefungiwa kabatini na ufunguo umepotea.

Njia ya uhakika ni kupima maabara. Tanzania una SUA (chuo kikuu cha kilimo) Morogoro, TARI (taasisi ya utafiti wa kilimo) Mlingano kule Tanga ambao ndo watu wa udongo, na TARI Uyole Mbeya. Kenya kuna watafiti wa kilimo wa KALRO Kabete. Chukua udongo sehemu tano sita za eneo lako, kina cha sentimita 20 hivi, changanya kwenye ndoo safi, toa kiasi kidogo peleka. Gharama yake haifiki bei ya miche utakayoiua. Vile vipima pH vya sindano mbili vya bei ya chini vinavyouzwa mtandaoni mimi siviamini, karatasi za kupimia ukizitumia na maji yasiyo na madini zinakupa picha bora zaidi.

Bila maabara kuna dalili za kusoma. Kama jirani zako wanalima chai na inastawi, uko sehemu nzuri, maana chai na bluberi zinapenda pH karibu ileile. Ua la haidranjia likitoa maua ya bluu udongo una tindikali, likitoa ya pinki haina ya kutosha. Na ukimwagia siki kwenye udongo mkavu ukaona povu linachemka, una chokaa humo, hapo achana na ardhi kabisa, nenda kwenye ndoo.

pH yangu ni 6. Naishushaje?

Kwa salfa. Ule unga wa njano, watu wa korosho Mtwara na Lindi wanaujua sana, wanapulizia kuzuia ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho. Hapa hatupulizii, tunachanganya na udongo. Bakteria wa udongoni wanaila salfa na kuigeuza tindikali, na kwa kuwa ni kazi ya viumbe hai inahitaji unyevu, joto na muda. Miezi mitatu kwa uchache, sita ni salama zaidi. Ukiweka salfa leo na kupanda kesho hujafanya chochote.

Kiasi: kushusha kutoka 6 hadi 4.5, udongo wa kichanga unataka takriban gramu 60 kwa kila mita mraba, udongo wa tifutifu takriban gramu 170, na mfinyanzi zaidi ya hapo. Changanya kwenye kina cha sentimita 15 hadi 20, weka maji, subiri, pima tena. Usiweke nyingi kwa mkupuo ili iende haraka, utaishusha chini ya 4 na hapo napo mizizi inaungua. Kama utapanda mvua zikianza Novemba, salfa iingie ardhini Aprili au Mei udongo ukiwa bado na unyevu.

Angalia pia unachonunua dukani. Uwe ni salfa yenyewe, sio mchanganyiko wa salfa na chokaa wala wenye shaba (kopa). Kuna wanaoshauri shabu, hiyo inashusha pH kweli na haraka, ila inaacha aluminiamu nyingi udongoni na ikizidi mizizi inaumia, mimi siitumii. Jasi haishushi pH, tusidanganyane.

Vipi kuhusu masalia ya kahawa, siki, ndimu, misumari yenye kutu?

Masalia ya kahawa ukishaipika tindikali yake nyingi imeenda kwenye kikombe, yanayobaki yako karibu na pH 6.5. Weka kidogo kama mboji sio mbaya, ila usiyategemee kushusha kitu. Siki na ndimu zinashusha kwa siku chache kisha udongo unarudi palepale. Misumari ndo kabisa: chuma hakijapungua udongoni, kimefungwa na pH, kuongeza kingine hakusaidii.

Majani ya paini yaliyokauka ni matandazo mazuri mno, nayatumia, lakini nayo hayabadilishi pH ya maana. Kazi yake ni kutunza unyevu na kuzuia magugu.

Nipande ardhini au kwenye ndoo?

Kama udongo wako uko 5.5 au chini, kwa asili au baada ya salfa, na maji hayatuami, ardhini. Nje ya hapo, ndoo, na hamna aibu yoyote, mashamba makubwa mengi tu duniani siku hizi yanalima kwenye ndoo kwa sababu unaudhibiti udongo wote mwenyewe.

Mche mdogo anza na chombo cha lita 10, mwaka unaofuata hamishia lita 20, mwisho lita 40 au zaidi. Ndoo za rangi zilizooshwa vizuri zinafaa. Toboa matundu mengi chini na pembeni kwa chini, kisha iinue juu ya matofali mawili ili maji yatoke kweli. Ndoo nyeusi juani inachemsha mizizi, ipake chokaa kwa nje au izungushie gunia. Kwa nje tu! Chokaa isiingie ndani.

Mchanganyiko ninaoupenda ni nusu magome ya paini yaliyopondwa na kukaa mpaka yakawa ya kahawia nzito, robo kokopiti (unga wa makumbi ya nazi), robo udongo wa eneo la chai au mchanga mkali wa mtoni. Kokopiti ioshwe, loweka na kumwaga maji mara kadhaa, maana huwa inabeba chumvi ya pwani. Mchanga uwe wa mto, wa baharini una makombe na makombe ni chokaa. Pitimosi (mabaki ya kuvumwani ya mabwawani) ndo bora kuliko vyote, pH yake iko chini yenyewe, ila inaagizwa nje na bei yake sio ya mtu wa kawaida.

Huku kwetu maranda ya paini yako kila kona kwa sababu ya msitu wa Sao Hill. Yatumie juu kama matandazo, au ndani kama yameshaoza. Maranda mabichi ndani ya udongo yanakula naitrojeni yote na mmea unabaki mwembamba. Na tafadhali usichukue kwenye viwanda vya nguzo zilizotiwa dawa, ile dawa ni sumu na wewe unapanda chakula.

Miche napata wapi, na naweza kuotesha mbegu?

Mbegu, hapana. Kwanza mtoto hafanani na mama, pili ni miaka mingi mpaka uone tunda, tatu zile pakiti za mbegu zenye picha ya matunda ya bluu yanayong'aa kama taa, humo ndani kunaweza kuwa na kitu chochote.

Nunua mche wenye jina la aina yake, kwenye kitalu kilichosajiliwa. Ukiambiwa "ni bluberi tu, ya kisasa" ondoka. Uliza ni Biloxi, ni Emerald, ni ipi. Mche mzuri una umri wa mwaka mmoja hadi miwili, matawi mawili matatu kutoka chini, na ukiutoa kwenye mfuko mizizi ni ya kahawia hafifu na mingi, haijazunguka ikajifunga. Ukikuta mizizi myeusi yenye harufu, imeoza.

Kuna wanaotaka kubeba vipande kwenye begi kutoka Ulaya au Afrika Kusini. Usifanye hivyo. Mimea inaingia kwa kibali cha mamlaka ya afya ya mimea, Tanzania ni TPHPA, Kenya ni KEPHIS, na sheria hiyo ipo kwa sababu gonjwa moja likiingia linawamaliza wote. Pia aina nyingi mpya zina haki za mgunduzi wake, huruhusiwi kuzizalisha na kuuza bila leseni, kwa hiyo uliza kabla hujaanza kukata vipande vya kugawa mtaani.

Mche mmoja unatosha au lazima miwili?

Hizi za kundi la kusini mmoja unazaa wenyewe, lakini ukiweka aina mbili tofauti zinazochanua pamoja matunda yanakuwa makubwa zaidi na yanawahi kuiva. Kama nafasi na hela vinaruhusu, Biloxi pamoja na nyingine. Nyuki ni muhimu sana: ua la bluberi ni kama kikengele kimeinama, chavua haimwagiki na upepo. Nyuki wa kawaida wanafanya kazi kwa wingi wao, na wale wakubwa weusi wanaotoboa mbao wanaweza kulitetemesha ua chavua ikadondoka, kwa hiyo usiwaue hata kama wanatoboa boriti ya banda lako. Dawa za wadudu wakati wa maua ni marufuku kwenye bustani yangu.

Nieleze jinsi ya kupanda.

Mvua zikianza, jioni au siku ya mawingu. Lowesha mche kwanza. Chimba shimo pana kuliko refu, upana sentimita 60, kina 30 hadi 40 inatosha, mizizi yake haiendi chini sana, karibu yote inakaa kwenye sentimita 30 za juu. Fungua mizizi ya pembeni taratibu kwa vidole. Panda usawa uleule ulivyokuwa kwenye mfuko, ukifukia shina zaidi linaoza. Udongo wa mfinyanzi panda juu ya tuta la sentimita 30. Mwagilia, kisha matandazo ya sentimita 8 hadi 10, yasiguse shina. Kati ya mche na mche mita moja hadi moja na robo. Jua liwe masaa sita kwenda juu.

Na shimoni usiweke samadi. Najua tumefundishwa kila shimo debe la samadi, kwa parachichi sawa, kwa hii hapana.

Sasa mbolea niweke gani?

SA (salfeti ya amonia), ile ya chumvichumvi nyeupe, yenye naitrojeni asilimia 21 na salfa asilimia 24. Bluberi inapenda naitrojeni ya aina hiyo, na SA yenyewe inasaidia kuiweka pH chini. Ndoo ya lita 20, kijiko cha chai kimoja kisichojaa kila baada ya wiki sita hivi wakati mmea unakua, tawanya mbali na shina, mwagia maji. Ardhini mwaka wa kwanza gramu 30 kwa mche kwa msimu mzima, umegawa mara mbili tatu, kisha unaongeza taratibu kila mwaka. Chumvi ikizidi utaona ncha za majani zinakauka kama zimeunguzwa.

Ziepuke mbolea ya CAN kwa sababu ina chokaa, na ile ya fosfeti ya Minjingu vilevile ina chokaa ingawa mahindi yanaifurahia. Majivu ya jikoni ni adui namba moja. Mbolea ya kuku mbichi nayo ina chumvi nyingi mno. Ukihitaji potasiamu tafuta ya salfeti, sio ya kloraidi.

Maji mara ngapi?

Kidogo kidogo na mara kwa mara. Mizizi iko juu, ikikauka siku mbili tatu za jua kali mmea unaumia, ikilowa muda wote inaoza. Ndoo wakati wa kiangazi ni kila siku, ardhini mara mbili tatu kwa wiki ukiwa na matandazo. Ingiza kidole, unyevu uwepo kuanzia kifundo cha kwanza.

Ubora wa maji ndo watu wanausahau. Maji ya visima virefu vingi Nairobi na Arusha yana bikaboneti nyingi, unamwagilia kwa nia njema huku kila siku unapandisha pH, baada ya mwaka salfa yako yote imefutika. Kinga mvua kwenye tanki, hayo ndo maji yake. Kama huna namna, pima maji, tia siki au asidi ya sitriki kidogo kidogo mpaka karatasi isome kati ya 5 na 5.5 ndo umwagilie.

Majani yanakuwa ya njano. Nifanye nini?

Angalia ni njano gani. Jani jipya la juu likiwa njano lakini mishipa yake imebaki kijani, hiyo ni chuma kufungwa, yaani pH imepanda, rudi kwenye maji na salfa. Unaweza kupulizia chuma cha kileti (kilichotengenezwa mmea ukivute kirahisi) majani yapate nafuu lakini ukiacha pH vilevile inarudi. Jani la zamani la chini likififia lote ni njaa ya naitrojeni. Mmea mzima ukisinyaa wakati udongo umelowa, mizizi inaoza, acha maji, fungua matundu ya ndoo.

Mekundu? Wakati wa baridi ni kawaida, yakipata joto yanarudi.

Mwaka wa kwanza umetoa maua, niyaache?

Yatoe. Najua inauma, watu wananiambia "watoto wanasubiri tunda", lakini mche mdogo ukibeba matunda unasahau kujenga mizizi na unadumaa. Mwaka wa pili acha machache.

Kupogoa je?

Miaka miwili ya mwanzo toa tu vilivyovunjika na vile vyembamba vinavyolala chini. Baadaye, ukishamaliza kuvuna, kata matawi yaliyochoka ya miaka mitano sita mpaka karibu na ardhi ili mapya yachomoze, fungua katikati mwanga upite. Tunda linatoka kwenye vitawi vilivyokua msimu uliopita, kwa hiyo ukikata ncha zote karibu na maua umekata mavuno yako.

Lini nitakula, na kiasi gani?

Matunda machache ya kuonja mwaka wa pili, mavuno ya kueleweka wa tatu, nguvu kamili kuanzia wa tano. Kichaka kilichokomaa ardhini kikitunzwa kinatoa kilo 2 hadi 4 kwa mwaka, cha ndoo pungufu ya hapo. Kutoka ua hadi tunda ni miezi miwili hadi mitatu. Huku maua mengi yanakuja kipupwe kikiisha.

Usichume siku linapogeuka bluu. Bluberi haiongezi utamu ikishatoka mtini, sio kama embe au ndizi. Liache siku kadhaa zaidi, geuza uangalie pale linaposhikana na kikonyo, kama bado kuna duara jekundu liache, kama ni bluu mpaka huko na linadondoka kiganjani kwa kuguswa tu, hilo ndo lenyewe. Ule unga mweupe juu yake ni nta yake ya asili, usioshe mpaka wakati wa kula. Friji linakaa wiki moja hadi mbili. Friza, ligandishe likiwa kavu kwenye sinia kwanza, kisha mfukoni, halishikani.

Ndege wananimaliza!

Wavu, hamna kingine kinachodumu. Shore, wale wenye njano chini ya mkia, na wale wa kahawia wenye mkia mrefu wanaotembea kwa kundi, wanajua tunda limeiva kabla yako. Tengeneza fremu ya miti, wavu ukae mbali na matawi, ubane chini, na uukague kila siku asije akanasa ndege au mjusi. Uweke maua yakishaisha, nyuki wakiwa wamemaliza kazi yao.

Wadudu wa kuangalia ni vidukari kwenye machipukizi, funza weupe wa udongoni wanaotafuna mizizi, na yule nzi mdogo wa matunda, Drosophila suzukii, ambaye ameshaonekana Kenya na anataga kwenye tunda lisilo na kidonda. Dawa yake nyumbani ni kuvuna kila siku mbili na kutoacha tunda hata moja limeoza chini. Mvua ndefu zikikuta maua, ukungu wa kijivu unakuja, hapo nafasi na upepo vinasaidia kuliko dawa.

Ni kweli inatibu kisukari na presha?

Hapana, haitibu. Ni tunda zuri, gramu 100 zina kalori 57 hivi, nyuzinyuzi, vitamini C na K, na ile rangi ya bluu ni anthosayanini ambazo watafiti wanazichunguza sana. Lakini mtu asiache dawa za hospitali kwa sababu ya tunda, tafadhali sana. Na ukiwa unatumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, ongea na daktari wako juu ya vyakula vyenye vitamini K.

Nataka kulima eka moja, inalipa?

Hapa naongelea bustani ya nyumbani. Ila kwa ufupi, tunda hili linataka ubaridi kuanzia linapochumwa hadi linapoliwa, linataka mikono mingi ya kuchuma moja moja, na aina zinazouzika nje zina leseni. Anza na vichaka vitano, viangalie miaka miwili, vitakuambia kama udongo na maji yako vinakubali.

Mimi niko Minnesota, dada yangu yuko Uingereza, hayo ya Mufindi yanatuhusu?

Ya udongo, maji na mbolea yote yanawahusu. Aina ndo zinabadilika, nyie baridi mnayo ya kutosha. Uingereza Bluecrop, iliyotoka 1952, bado ni chaguo zuri la mtu wa kuanza, kwenye chungu na udongo maalumu wa mimea ya tindikali unaouzwa madukani huko, na maji ya bomba ya London yana chokaa nyingi, kinga mvua. Minnesota tafuta zile fupi zilizotolewa na chuo kikuu chenu hukohuko, kama Northblue ya 1983, zinakaa chini ya theluji bila kufa. Ukiwa nayo kwenye ndoo, winta iingize kwenye gereji isiyo na hita, maana mizizi kwenye ndoo inaganda haraka kuliko ardhini, na uimwagie kidogo mara moja moja isikauke kabisa.